Istilahi za Mbio za Viunzi: Mafunzo kutoka Maisha ya John Akii-Bua

1. Utangulizi

Istilahi za michezo huhesabiwa na wengi kuwa jambo jepesi zikilinganishwa na istilahi za sheria, tiba au uhandisi. Hudhaniwa kwamba riadha na mpira wa miguu vimekwisha kujipatia maneno yao magazetini na redioni, na kwamba kazi iliyosalia ni kuyaokota maneno hayo na kuyapanga katika orodha. Dhana hiyo ina ukweli wake, kwani watangazaji wetu wamekuwa waundaji hodari wa maneno. Hata hivyo, orodha ya maneno ni kitu kimoja, na habari inayosimuliwa kwa maneno hayo ni kitu kingine. Neno laweza kuonekana halina ila likisimama peke yake, kisha likaleta utata mara linapoingizwa katika sentensi pamoja na wenzake.

Makala haya yanakusudia kulionyesha jambo hilo kwa mfano wa mchezo mmoja, yaani mbio za kuruka viunzi, na maisha ya mwanariadha mmoja, John Akii-Bua wa Uganda, aliyepata medali ya dhahabu ya Olimpiki katika mbio hizo mwaka 1972. Maisha yake yamechaguliwa kwa sababu hayakuishia uwanjani. Yanapita katika michezo, yanaingia katika siasa ya kimataifa, kisha yanafika katika vita na ukimbizi. Mfasiri anayeyasimulia kwa Kiswahili hulazimika, katika kurasa chache tu, kutumia maneno kiunzi, kizuizi, kikwazo, kususia, mkimbiaji na mkimbizi. Hapo ndipo istilahi zinapopimwa.

Yafaa pia tukumbuke ni nani anayezitumia istilahi hizi. Mwalimu wa shule ya msingi katika kata ya Ikinga, wilayani Ileje, mkoani Songwe, huenda hana kiunzi hata kimoja kilichotengenezwa kiwandani. Alichonacho ni maelezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili, na mbele yake wamo wanafunzi ambao nyumbani huzungumza Kindali, Kilambya au Kimalila. Kwa mwalimu huyo maelezo ndiyo yanayotangulia, na kifaa hufuata: atakiunda kwa fito na mianzi kama alivyoelewa neno. Neno likiwa na kosa, kifaa nacho kitakuwa na kosa.

2. Mwanariadha mwenyewe

John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa na wake wanane, na watoto wa nyumba hiyo walihesabiwa kufika 43. Kama ilivyokuwa kwa wanariadha wengi wa Afrika Mashariki wa wakati ule, chombo kilichomfungulia mlango wa riadha kilikuwa jeshi la polisi, kwa maana polisi na majeshi ndiyo yaliyokuwa na viwanja, vifaa na nafasi ya mazoezi.

Alianza na mbio fupi za viunzi, yaani mita 110. Mwalimu wa timu ya taifa, Mwingereza Malcolm Arnold, alimshauri ahamie mita 400. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh mwaka 1970 alishika nafasi ya nne. Baada ya hapo alizidisha mazoezi, akikimbia na kuvuka viunzi huku amevaa fulana iliyotiwa risasi ili kujiongezea uzito.

Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, aliingia katika fainali ya Olimpiki. Alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali kuliko za njia nyingine. Pamoja na hayo alimaliza kwa sekunde 47.82. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Ralph Mann wa Marekani alikuwa wa pili kwa sekunde 48.51, na David Hemery wa Uingereza, bingwa wa mwaka 1968 aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia, alikuwa wa tatu kwa sekunde 48.52. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Uganda, na nchi hiyo haikupata nyingine hadi mwaka 2012, Stephen Kiprotich aliposhinda mbio za marathoni mjini London.

Hizo ndizo habari kwa ufupi. Sasa na tuyatazame maneno yanayohitajiwa ili kuzieleza.

3. Kiunzi, kizuizi na kikwazo

Kifaa kinachorukwa katika mbio hizi kimepewa majina kadhaa. Yako maandishi yanayokiita kiunzi, na mengine yanayokiita kihunzi; yako pia yanayokiita kizuizi au kikwazo. Wapo watakaosema kwamba haya ni mamoja na kwamba msomaji ataelewa tu. Tuyapime moja moja.

Kizuizi hutokana na kitenzi zuia. Kazi ya kizuizi ni kumfanya mtu asimame. Kila aliyepita barabara ya Tunduma anakijua kizuizi: lori hufika, husimama, hukaguliwa, ndipo liruhusiwe kupita. Kizuizi kinachoangushwa na kila anayekigusa si kizuizi tena. Kikwazo nacho hutokana na kwaa. Ni kitu cha kumfanya mtu ajikwae. Ndani ya maneno haya mawili mna wazo la uimara na la madhara.

Kifaa cha mbio za mita 400 hakikuundwa kwa ajili hiyo. Kina miguu miwili iliyolala chini na nguzo mbili zinazoshikilia upao wa juu, na miguu hiyo huelekea upande anakotoka mkimbiaji. Kwa hiyo mkimbiaji akiugonga upao, kifaa chote hulala mbele na kumwachia njia. Kuangusha kiunzi bila kukusudia hakumwondoi mtu mashindanoni. Humpotezea kasi tu.

Mambo hayakuwa hivyo tangu zamani. Kabla ya katikati ya miaka ya 1930 viunzi vilikuwa vizito na vigumu kuangushwa, na sheria iliwaadhibu walioviangusha. Katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1932, Bob Tisdall wa Ireland alishinda mita 400 za viunzi kwa sekunde 51.7, lakini kwa kuwa alikuwa ameangusha kiunzi kimoja hakuandikiwa rekodi ya dunia. Aliyeandikiwa ni Glenn Hardin wa Marekani, mtu wa pili, kwa sekunde 52.0. Wakati ule mtu angeweza kukiita kifaa hicho kizuizi bila kukosea sana. Kifaa kilipobadilika, dhana nayo ilibadilika. Na istilahi haina budi kufuata dhana iliyopo.

Kiunzi ni neno la aina nyingine. Lina uhusiano na kitenzi unda, na maana yake ya asili ni umbo lililoungwa kwa vipande: twasema kiunzi cha jahazi na kiunzi cha mifupa. Neno hili halisemi kwamba kitu kinazuia wala kwamba kinakwaza. Linaeleza umbo tu, yaani fremu nyepesi isiyojazwa kitu katikati. Kwa sababu hiyo ndilo linalofaa. Umbo kihunzi ni matamshi mengine ya neno lilo hilo, na msomaji atalikuta magazetini; lakini uhusiano na unda huonekana waziwazi zaidi katika kiunzi, nasi tunapendekeza umbo hilo litumike katika maandishi ya shule na ya serikali.

Faida yake si ya nadharia tu. Mwalimu wa Ikinga akiambiwa aweke vizuizi, atachimbia nguzo mbili na kuufunga mwanzi kwa kamba kati yake, na mtoto wa kwanza atakayechelewa kuinua goti ataumia vibaya. Akiambiwa aweke viunzi, na akaelezwa kwamba kiunzi ni fremu inayolala inapoguswa, atauegesha mwanzi juu ya fito bila kuufunga, upande wa mbele, ili uanguke. Tofauti kati ya maneno hayo mawili yaweza kuwa mguu wa mtoto.

Hapa hapana budi kutenganisha mchezo mwingine unaochanganywa na huu. Mbio za mita 3,000 za kuruka maji na viunzi ni ndefu, na ndani yake mwanariadha huvuka mapingamizi 28 ya kawaida na kuruka shimo la maji mara 7. Watanzania wanazikumbuka kwa sababu Filbert Bayi alipata medali ya fedha katika mbio hizo mjini Moscow mwaka 1980. Wakenya wana historia ndefu zaidi humo: Amos Biwott alishinda mwaka 1968, na Kipchoge Keino alishinda mjini Munich mwaka 1972, katika michezo ile ile aliyong'ara Akii-Bua. Lakini magogo ya mbio hizo ni mazito na hayaanguki. Mwanariadha aweza hata kuyakanyaga kwa juu. Mazoea yamekwisha kuuita mchezo huo kwa jina la viunzi, na si busara kupigana na mazoea. Hata hivyo, mfasiri asilifupishe jina lake. Akiandika tu kwamba Bayi na Akii-Bua wote walikuwa wanariadha wa viunzi, atakuwa amewaweka katika mchezo mmoja watu ambao wasingeweza kukutana katika mbio hizo.

4. Kuruka na kuvuka

Kitenzi kinachoandamana na kiunzi ni ruka. Katika jina la mchezo kitenzi hicho hakina tatizo. Tatizo huanza katika maelezo. Katika Kiswahili kuruka ni kujirusha juu, lakini pia ni kuacha: mwanafunzi huruka ukurasa, karani huruka jina katika orodha. Sasa tuitazame sentensi hii: "Mwanariadha aliruka kiunzi cha tano." Je, alipita juu yake, au alikiacha? Akiwa alipita juu yake, aliendelea na mbio kihalali. Akiwa alikiacha, ameondolewa mashindanoni. Maneno yale yale yanabeba ushindi na kufukuzwa.

Aidha, mwanafunzi anayeambiwa "ruka" hujirusha juu kama anayerukia tunda mtini. Walimu wa mbio hizi husisitiza kinyume chake: mkimbiaji asipande juu kupita kiasi, bali akipite kiunzi kama hatua ndefu ya mbio zake, maana muda anaoupoteza hewani haurudi. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba jina la mchezo libaki mbio za kuruka viunzi, lakini tendo lenyewe liitwe kuvuka kiunzi, na kosa la kukiacha liitwe kukwepa kiunzi. Mtu huvuka mto na huvuka mpaka. Neno hilo lina wazo la kutoka upande huu hadi ule bila kukatiza safari.

Mguu unaopita kwanza tunauita mguu wa kutangulia, na ule unaokuja nyuma yake mguu wa kufuata. Majina haya hayana urembo, lakini yanaeleza kazi ya kila mguu na hayatatanishi. Yanahitajiwa hasa katika kueleza hesabu ya hatua. Katika mita 400 viko viunzi 10. Kutoka mahali pa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45. Kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 35. Kutoka kiunzi cha mwisho hadi utepe ni mita 40. Kwa wanaume urefu wa kiunzi kwenda juu ni sentimita 91.4, na kwa wanawake ni sentimita 76.2. Mkimbiaji anayepiga hatua 13 au 15 kati ya viunzi huvuka kila mara kwa mguu ule ule wa kutangulia. Anayepiga hatua 14 hubadili mguu katika kila kiunzi, na si wengi wanaoweza kufanya hivyo kwa kasi bila kuyumba. Mwenye uwezo wa kutanguliza mguu wowote ana nafuu kubwa anapochoka na hatua zake zinapofupika.

Msomaji ataona kwamba aya iliyotangulia isingeweza kuandikwa kama tungekosa jozi ya kutangulia na kufuata. Istilahi moja huhitaji jirani yake.

5. Sekunde, nukta na rekodi

Neno nukta limetumika kwa muda mrefu kwa maana ya sehemu ya sitini ya dakika. Neno hilo hilo hutumika kwa alama ya kuandikia, na katika hisabati hutumika kwa alama ya desimali. Katika mazungumzo ya kawaida maana hizi hazigongani. Katika riadha zinagongana papo hapo. Muda wa Akii-Bua ukisomwa kwa nukta, mtangazaji atasema "nukta arobaini na saba nukta nane mbili", na msikilizaji hatajua nukta ipi ni muda na ipi ni alama. Kwa sababu hiyo, katika uwanja huu sekunde ndilo neno la muda, na nukta ibakie kuwa alama.

Tatizo la pili ni namna ya kuzisoma tarakimu zilizo baada ya nukta. Wengi husoma 47.82 kwa kusema "nukta themanini na mbili". Usomaji huo humpoteza mwanafunzi. Vitabu vingine huandika muda wa fainali ya Munich kuwa 47.8, kwa sababu zamani rekodi ziliandikwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Vingine huandika 47.82 kwa kufuata saa ya umeme. Mwanafunzi akisikia "nukta nane" hapa na "nukta themanini na mbili" pale, atadhani kwamba ni mbio mbili, au kwamba muda wa pili ni mrefu mara kumi baada ya sekunde 47. Akisikia "nukta nane" na "nukta nane mbili", ataelewa kwamba ni muda uleule uliopimwa kwa makini zaidi. Kadhalika rekodi ya Hemery ya mwaka 1968 huandikwa 48.1 au 48.12.

Wala jambo hili si la kubeza. Kati ya Mann na Hemery mjini Munich palikuwa na sehemu moja ya mia ya sekunde, na sehemu hiyo ndiyo iliyotenganisha medali ya fedha na ya shaba.

Rekodi ni neno la kukopa, na limekwisha kuota mizizi. Majaribio ya kulibadili kwa maneno kama kumbukumbu au kiwango hayakusaidia, kwa kuwa kumbukumbu ni ya mambo yote yaliyopita na kiwango ni kipimo cha kufuzu. Linalohitaji uangalifu ni vitenzi vyake. Mtu huvunja rekodi iliyokuwapo na huweka rekodi mpya. Akii-Bua aliivunja rekodi ya Hemery akaweka ya 47.82. Ukiandika kwamba "alivunja rekodi ya 47.82", umempa mtu mwingine kazi yake.

6. Kususia na vikwazo

Sasa tunafika mahali ambapo istilahi za michezo zinakutana na istilahi za siasa. Mwaka 1976 Akii-Bua alikuwa bado mwanariadha wa kuogopwa. Alikuwa amepata dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Lagos mwaka 1973, na rekodi yake ya dunia ilikuwa haijaguswa. Lakini nchi nyingi za Afrika zilijitoa katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na bado New Zealand ikaruhusiwa kushiriki. Uganda ilijitoa. Tanzania nayo ilikuwa mstari wa mbele katika uamuzi huo, na kwa ajili yake Filbert Bayi, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1,500, hakukimbia. Tarehe 25 Julai 1976 Edwin Moses wa Marekani alishinda mita 400 za viunzi kwa sekunde 47.64 na kuivunja rekodi ya Munich. Mwenye rekodi hakuwapo.

Mfasiri ataandikaje tukio hili? Maneno yanayokaribiana ni manne, na kila moja lina mtendaji wake. Kususia ni tendo la yule anayekataa kushiriki kwa hiari yake ili aonyeshe kwamba hakubaliani na jambo. Kujitoa ni kuondoka baada ya kuwa umekwisha kuandikishwa, hata kama huna la kulalamikia. Kufungiwa ni adhabu anayopewa mtu au chama na wenye mamlaka ya mchezo. Vikwazo ni hatua ambazo nchi moja au kundi la nchi huichukulia nchi nyingine, hasa katika biashara na silaha, ili kuibana ibadili siasa yake.

Katika habari hii yote manne yapo. Nchi za Afrika zilisusia michezo ya Montreal. Timu zilizokuwa zimekwisha kufika huko zilijitoa. Afrika Kusini ilikuwa imefungiwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Umoja wa Mataifa ulizungumzia vikwazo dhidi ya serikali ya Pretoria. Mwandishi anayeviita viunzi "vikwazo" katika ukurasa wa kwanza atajikuta, katika ukurasa wa tatu, ameandika kwamba bingwa wa vikwazo hakukimbia kwa sababu ya vikwazo. Hiyo ni sentensi ya kuchekesha juu ya jambo lisilochekesha. Kwa wanariadha hao ulikuwa mwaka wa kilele cha nguvu zao, nao waliutoa kwa ajili ya heshima ya Mwafrika. Lugha inayolieleza tendo hilo haina budi kuonyesha kwamba lilikuwa uamuzi, si ajali wala adhabu. Neno kususia linafanya kazi hiyo.

Mfasiri akumbuke pia kwamba mwaka 1980 kulitokea ususiaji mwingine, safari hii wa michezo ya Moscow, ulioongozwa na Marekani kwa sababu majeshi ya Urusi yaliingia Afghanistan. Kenya ilisusia, Tanzania na Uganda zilishiriki. Kuandika "ususiaji wa Olimpiki" bila mwaka na bila mji ni kumwacha msomaji gizani.

7. Mkimbiaji na mkimbizi

Kitenzi kimbia kimezaa maneno mawili ambayo katika habari nyingine hayakutani kamwe. Mkimbiaji ni mtu wa mbio. Mkimbizi ni mtu aliyelazimika kuiacha nchi yake kwa kuhofia maisha. Kwa maumbo yao maneno haya yangeweza kubadilishana nafasi, maana yote yana kimbia ndani yake. Ni mazoea ya lugha, na siku hizi pia sheria, vilivyoyagawia kazi. Akii-Bua alikuwa yote mawili.

Chini ya utawala wa Idi Amin, ulioanza mwaka 1971, Walango na Waacholi wengi waliuawa, hasa waliokuwa jeshini na polisi. Akii-Bua alikuwa Mlango na tena polisi. Ushindi wake ulimpatia heshima kubwa, hata barabara moja mjini Kampala ikaitwa kwa jina lake, lakini kabila lake lilibaki kuwa la kutiliwa shaka. Mwaka 1979, utawala huo ulipokuwa ukianguka katika vita na Tanzania, alivuka mpaka pamoja na jamaa yake akaingia Kenya, na huko akakaa katika kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu vya michezo ya Puma ya Ujerumani Magharibi ilimsaidia kufika katika nchi hiyo na kumpa kazi. Mwaka 1980 aliiwakilisha tena Uganda mjini Moscow, akaishia nusu fainali. Baadaye alirudi kwao akawa mwalimu wa riadha. Alifariki tarehe 20 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47, na serikali ikamfanyia mazishi ya heshima.

Mtumishi wa serikali anayeshughulika na watu walio mpakani anajua uzito wa neno mkimbizi. Si neno la hisia tu. Ni neno la sheria, na anayeitwa hivyo ana haki ambazo mhamiaji, mgeni au msafiri hana. Kwa hiyo katika kuandika habari za mwanariadha huyu si vema kutumia mafumbo ya mbio, kwa mfano kusema kwamba mwaka 1979 "alikimbia mbio zake ndefu kuliko zote". Maneno kama hayo yanavutia sikio, lakini yanamfanya mkimbizi aonekane kana kwamba alikuwa mchezoni. Yatosha kusema kwamba alikimbilia Kenya. Kiambishi kimoja, -li-, kimeonyesha kwamba alikuwa akitafuta mahali pa usalama. Na maadamu sarufi yetu imetupa uwezo huo, hatuna haja ya mapambo.

8. Mapendekezo

Kutokana na maelezo haya twaweza kupendekeza matumizi yafuatayo. Kifaa kiitwe kiunzi. Maneno kizuizi na kikwazo yaachiwe kazi zake nyingine. Mchezo uitwe mbio za kuruka viunzi, na urefu wake utajwe daima, kwa kuwa mita 110 na mita 400 ni michezo miwili tofauti. Mchezo wa mita 3,000 uitwe mbio za kuruka maji na viunzi bila kufupishwa. Tendo liitwe kuvuka kiunzi, na kosa la kukiacha liitwe kukwepa kiunzi. Miguu iitwe mguu wa kutangulia na mguu wa kufuata. Muda uandikwe kwa sekunde, na tarakimu zilizo baada ya nukta zisomwe moja moja. Maneno kususia, kujitoa, kufungiwa na vikwazo yasibadilishane nafasi.

Zaidi ya hayo, tunapendekeza njia ya kazi. Orodha ya istilahi inapokamilika, isipelekwe kwa mpiga chapa kabla ya kujaribiwa. Achaguliwe mtu mmoja au tukio moja la kweli, na habari yake iandikwe kwa ukamilifu kwa kutumia istilahi za orodha hiyo na bila kuongeza neno la kigeni. Kisha habari hiyo isomwe kwa mwalimu na wanafunzi ambao hawajauona mchezo huo, nao waulizwe wamekiunda kifaa namna gani, nani alishinda, na kwa nini bingwa hakukimbia mwaka 1976. Pale watakapojibu visivyo ndipo orodha inapostahili kusahihishwa.